Wenye biashara ndogo tuongee: bei unayomtajia mteja unaitoa wapi? Mi nimepiga hesabu nikakuta nimewalipa watu wavae

Fundi Mbuyuni

Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, nina fremu ya kushona karibu na soko la Mbuyuni, mwaka wa sita sasa. Nashona nguo za kike, magauni, sare za harusi, na watoto wa kipaimara wakija siwafukuzi. Uzi ni mrefu mnivumilie.

Desemba iliyopita wifi yangu kaniletea kazi, sare za sendofu ya rafiki yake, magauni 14. Si mnajua Desemba ya huku kwetu, watu wote wanapanda kuja nyumbani, ubatizo, kipaimara, harusi, kubariki makaburi, kila mtu anataka nguo na anaitaka kabla ya tarehe 24. Wifi akasema wafanyie elfu 20 moja maana ni nyingi. Mi nikaona 280,000 hiyo hapo nikakubali hata mshono sijauona. Kumbe mshono wenyewe una bitana mwili mzima, mgongo wa kamba, alafu kila dada ana lake, huyu anataka mikono ya puto, huyu hataki mikono kabisa, mwingine nimempima akarudi wiki ya pili vipimo vyote vimegoma, ana mimba na hakusema. Nimekesha usiku nane. Wamependeza kweli, picha zimezunguka kwenye magrupu yote, na mi nikajiona nimepiga hela.

Sasa mwezi huu kabla msimu haujaanza nikakaa na daftari. Kwa mwezi fremu 80,000, umeme 30,000, mlinzi na taka 15,000, dada anayenisaidia kupiga ovaloki na kuweka vifungo 150,000, bando na vocha 15,000, mafuta na matengenezo ya mashine 20,000. Jumla 310,000 na hapo mi mwenyewe sijala. Nikasema basi na mi nijilipe 400,000, si tamaa hiyo jamani, nina watoto wawili shule. 710,000.

Nafungua siku 24 kwa mwezi. Nakaa pale masaa 10 lakini nikajichunguza wiki nzima, kukata na kushona kwenyewe ni masaa 6 tu. Mengine yanaishia kupima watu, kwenda kutafuta zipu ya rangi fulani, kupiga stori na mteja aliyekuja kuangalia tu, na umeme ukikatika. 6 mara 24 ni masaa 144. Gawanya hapo, saa moja ya mkono wangu inatakiwa ilete kama elfu 5, vifaa pembeni.

Nikarudi kwenye yale magauni 14. Kila moja limekula masaa 5, jumla 70. Bitana, zipu, uzi, stifu, kama elfu 8 kila gauni, 112,000. Imebaki 168,000, yaani 2,400 kwa saa. Na gharama za fremu peke yake ni kama 2,150 kwa saa. Kwahiyo mimi fundi kwa usiku nane nimeondoka na kama elfu 17. Na hapo wameniachia deni la 60,000 mpaka leo. Toeni wenyewe. Nimewalipa mimi elfu 43 ili wapendeze kwenye sendofu yao.

Jana wifi kaja tena. Magauni 10, sendofu tarehe 27 Desemba, "bei yetu ile ile eeh fundi wetu". Niwatajie ngapi na nimwambieje huyu wifi bila kuonekana nimebadilika?

Chalii wa Sakina

Naweka kigoda hapa. Mi napiga picha za harusi Arusha na hiyo sentensi ya "bei yetu ile ile" imenipandisha presha asee

Randa Kali

Dada pole, ila umefanya kitu mafundi wengi hawajawahi kufanya hata mara moja. Mi ni fundi samani Unga Limited, miaka 15 sasa, na miaka 7 ya mwanzo bei nilikuwa naitoa usoni kwa mteja. Nikimuona anafanana na hela napandisha, nikimuona mnyonge nashusha, nikiwa nadaiwa kodi nakubali chochote. Hiyo ndo ilikuwa hesabu yangu.

Sasa ninayo hii, vifaa, ufundi, na usumbufu. Vifaa ni mbao, gundi, misumari, msasa, vanishi, bawaba, vitasa. Ufundi ni siku zangu na za vijana. Usumbufu ni kirikuu cha kubebea, kwenda Njiro mara tatu kupima kwa sababu mwenye nyumba hayupo, na ile nafasi ya mbao moja kupasuka wakati unairanda ikawa kuni. Usipoiweka hiyo ya tatu itatoka kwenye ufundi wako, haina pengine pa kutoka.

Ila kitu kimoja, masaa usimtajie mteja. Ukimwambia mtu saa yangu ni elfu 5 atakaa kwenye benchi akuhesabie na saa yake ya mkononi, ukienda kunywa chai anakukata. Masaa ni siri yako ya kwenye daftari. Yeye mpe bei ya gauni likiwa limekamilika, na mwambie ndani yake kuna nini: bitana ipo, zipu ipo, kupimwa mara mbili kupo, kubadilisha mshono baada ya kukata haipo.

Na huo mtego wa "vifaa nitanunua mwenyewe fundi wewe niambie ufundi tu" uwe nao makini. Kuna baba mmoja alininunulia paini mwenyewe kwa sababu eti mi naweka cha juu. Kaleta mbao mbichi zinatoa maji. Nikamwambia baba tuziache zikauke, akasema ana wageni wiki ijayo. Nikatengeneza kabati. Mwezi haujaisha milango imepinda kama bakuli, sasa nani kalaumiwa mtaa mzima? Tangu siku hiyo vifaa ukileta wewe naandika kwenye karatasi, mbao za mteja, kupinda si juu yangu, na unaweka sahihi. Wawili watatu wamekasirika wakaondoka.

Mteja Mstaarabu

Samahani wakuu mi niko upande wa pili wa meza. Mnaongea kama wateja ndo wezi. Hicho cha juu mnakitaja kama kitu cha kawaida, mi fundi wa madirisha ya aluminiamu kanipigia hesabu ya vifaa, nikapita dukani mwenyewe kwa bahati mbaya tu (kwake), nikakuta kaniongezea karibu 90,000, na juu yake ufundi nimemlipa kamili. Alafu chini ya karatasi ya kuandika kwa mkono kaweka "VAT 18%", ile kodi ya ongezeko la thamani. Namuuliza namba ya usajili iko wapi anacheka.

Kama unataka 90,000 zaidi ya ufundi nitajie tu ufundi mkubwa. Usinifiche kwenye bei ya kioo. Nikishakukamata kwenye kioo sikuamini tena hata ukiniambia leo Jumatano.

Randa Kali

Mteja hapo sikubishii. Cha juu cha kuficha ni wizi, hata mi nilifanya, nasema ukweli. Lakini kwenda dukani, kuchagua, kubeba, kurudisha kilichovunjika, hiyo ni kazi, ikikosekana kwenye karatasi kwa jina lake itaingia kwa mlango wa nyuma. Ndo maana nimekwambia andika usumbufu, andika neno lenyewe. Wateja wangu wanacheka wakiliona ila wanalipa.

Daftari

Mi ni mhasibu, nafanyia maduka madogo Moshi mjini. Hiyo ya 18% naomba niisemee kwa sababu nakutana nayo sana. Tangu Julai 2023 lazima ya kujisajili VAT inaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Fundi ambaye hajasajiliwa haruhusiwi kumdai mteja hiyo 18%, hela hiyo haiendi serikalini, inaenda kwake.

Fundi Mbuyuni, kwenye 310,000 yako sijaona kodi ya mapato. Kwa mahesabu yako mauzo yako ya mwaka nakadiria milioni 9. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2023/24, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 7 mpaka 11 asiye na kumbukumbu za mauzo analipa 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 jumlisha 3% ya kinachozidi milioni 7, kwa hiyo kwa milioni 9 ni 150,000. Laki nzima unaiokoa kwa daftari la elfu 2. Sasa chukua hiyo 150,000 gawa kwa miezi 12, ni 12,500, iweke kwenye gharama za mwezi pamoja na mlinzi. Usisubiri siku unakwenda kukadiriwa ndo uanze kuhema.

Pia umesema mashine 20,000 ya mafuta na matengenezo. Cherehani yenyewe ikifa? Ovaloki ikifa? Tenga kidogo kila mwezi.

bibi batiki

Wanangu mimi nauza batiki na vikoi Arusha, mtu mzima, miaka mingi niko na watalii. Hiyo ya kutazama uso wa mteja ndo ukajua bei mimi nimeifanya mpaka ikanirudi. Mzungu namwambia 60,000, mwenyeji 25,000, kitambaa kile kile. Siku moja gari la wageni saba limeshuka, mmoja kanunua 60,000 kimya kimya kaondoka anatabasamu. Mwenzake ameng'ang'ana kabisa nikamwachia 30,000. Wamekutana ndani ya gari wakaonyeshana. Dereva ndo amekuja kuniambia, yule mama wa 60,000 alilia. Si hela, amejiona mjinga mbele ya wenzake. Na yule dereva hakuniletea mgeni tena, msimu mzima, Juni mpaka Oktoba anapita tu ananipungia mkono.

Sasa nimeandika bei kwenye karatasi nimebandika. Mwenyeji akinunua tatu napunguza, mzungu akinunua tatu napunguza vile vile. Nauza pole pole lakini Aprili na Mei mvua zikianza na wageni hakuna, wenyeji wanakuja kwa sababu wanajua sijawahi kuwapiga.

Mangi wa Rau

Bibi heshima yako. Ila mi naona tunazunguka mbuyu, tatizo la huyu dada sio bei, tatizo ni WIFI 😂. Wifi sio mteja, wifi ni bodi ya wakurugenzi. Ukimpandishia bei kikao cha ukoo kinaitishwa, mama mkwe anaambiwa mke wa mwanao siku hizi anaringa. Asee we shona tu kwa 20,000 uokoe ndoa

Chalii wa Sakina

Mangi umeongea utani lakini ndo maisha yangu. Mi nimeacha kabisa kupiga picha za ndugu. Nikipigiwa simu na binamu nasema tarehe hiyo nina kazi Karatu. Nimekuwa na kazi Karatu nyingi kweli kweli

Mweka Hazina Mstaafu

Msimdanganye dada wa watu. Mimi nimekaa kamati za harusi zaidi ya 20 hapa Moshi, nimeshika daftari la michango mpaka nikaachia macho yalipoanza kuchoka. Nakueleza tunavyoona sisi wa kamati.

Fundi akisema elfu 20 sisi tunaandika sare elfu 20, basi, kwenye vitabu vyetu hakuna mahali panapoonyesha kwamba fundi ametupunguzia kitu. Hakuna anayejua umetoa. Watu wanajua bei yako ni hiyo. Ndo maana mwaka unaofuata wanarudi na "ile ile", hawakukosei adabu, wanaamini hiyo ndo bei.

Wewe fanya hivi mwanangu. Andika bei yako ya kweli. Chini yake andika "mchango wa fundi" na kiasi unachotaka kuwasaidia kwa moyo wako. Chini yake andika kilichobaki kulipwa. Mpelekee wifi karatasi aikabidhi kamati, na mwambie mweka hazina akuandike kwenye orodha ya waliochangia. Hapo umemheshimu wifi, umechangia kama ndugu, na bei imekaa kichwani kwa watu. Mwaka kesho akija mtu baki hana cha kusema mbona fulani ulimfanyia 20.

Mteja Mstaarabu

Hii nimeipenda aisee. Lakini mweka hazina gani atakubali mchango wa karatasi? Wao wanataka hela taslimu.

Mweka Hazina Mstaafu

Watasumbua, ndiyo. Wengine tulikuwa tunasumbua makusudi. Akaze.

Randa Kali

Mzee umeniuzia dawa bure. Nina shemeji anajenga Kwa Mrombo na anataka milango sita "kindugu".

Kitenge Kimoja

Mi nina swali tofauti kidogo, nashona pia, niko Majengo. Ukisema 35,000 na fremu ya pili anasema 20,000 mteja si anahama? Moshi mafundi ni wengi kuliko nguo. Hesabu ni nzuri kwenye daftari ila ukikaa mpaka saa nane mchana hujapata hata wa kukata suruali utakubali tu

Fundi Mbuyuni

Wakuu nimewasoma wote mara mbili, asanteni sana, aika. Kitenge Kimoja nakujibu kweli maana nimeshajaribu wiki hii kwa wateja wa kawaida. Gauni rahisi lisilo na bitana linanichukua masaa matatu, nilikuwa nashona 12,000, sasa nimesema 18,000. Wawili wameondoka hapo hapo. Mmoja kasema "hee fundi umejenga nini", mwingine hakusema kitu alichukua kitenge chake. Wanne wamekubali na mmoja kati ya hao hakupepesa hata jicho, akanifanya nijiulize miaka yote hii nilikuwa namwogopa nani. Na wale wawili ningewashonea ningemaliza masaa sita kwa hela ya kula hasara. Kweli inauma kukaa umekunja mikono lakini saa hiyo nimeitumia kumaliza nguo za watu zilizokuwa zimelala. Mteja Mstaarabu najua unakuja kuhusu mafundi kulaza nguo, sibishi, tunalaza, tunapokea kazi nyingi za bei ndogo kuliko siku zilizopo.

Nimebandika na karatasi kama bibi batiki. Nusu kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Nusu kabla nguo haijatoka mlangoni. Nina magauni 9 pale yananing'inia tangu Pasaka, wenyewe hawaonekani, bitana nimenunua mimi.

Na Desemba nimeweka tarehe. Ukileta mpaka tarehe 5 ni bei ya kawaida, baada ya hapo unaongeza elfu 10 maana hiyo nashona usiku.

Mteja Mstaarabu

Ya kulaza nilikuwa nakuja nayo kweli 😂 umeniwahi. Ila hiyo ya elfu 10 ya Desemba si ndo kutukamata sasa? Mabasi yakipandisha nauli Krismasi tunawaitia LATRA, wale wasimamizi wa nauli

Fundi Mbuyuni

Kaka basi linakuja lenyewe na dereva yule yule. Mimi ikifika tarehe 15 namlipa dada wa ovaloki mara mbili abaki mpaka saa tano usiku na namrudisha kwao kwa bodaboda. Hiyo elfu 10 nimeigawa, haijabaki kwangu zaidi ya elfu 4. Na karatasi nimeibandika Novemba, anayetaka kuwahi awahi.

Mteja Mstaarabu

Hapo sawa. Ukishasema mapema mi sina neno.

Mangi wa Rau

Tunataka habari za wifi. Mengine baadaye

Fundi Mbuyuni

Nimerudi wakuu, wiki mbili zimepita. Wifi.

Kwanza nilimwambia alete picha ya mshono kabla sijasema bei. Bitana ipo, masaa matano matano kama mwaka jana. 25,000 ya mkono, 8,000 vifaa, nikaweka 2,000 ya usumbufu (Randa Kali nimeliandika neno lenyewe), 35,000. Kumi ni 350,000. Chini nikaandika mchango wa fundi 70,000. Kilichobaki 280,000. Mnaiona? Ni 280,000 ile ile ya mwaka jana, ila magauni 10 badala ya 14. Nikitoa vifaa na gharama za fremu mi naondoka na kama elfu 90 badala ya ile 17.

Wifi kaisoma pale pale amesimama. Kakaa kimya. Kasema "kumbe ni 35". Nikamwambia dada ni 35 tangu zamani, nilikuwa siwaambii. Hakupenda, asikudanganye mtu, aliondoka hajanywa chai, na jioni mume wangu akapigiwa simu. Kesho yake karudi na 140,000, nusu kamili. Deni la mwaka jana nimelitaja pia, kasema atawauliza, hiyo naona imeshakufa.

Mweka Hazina Mstaafu

Na orodha je? Wamekuandika?

Fundi Mbuyuni

Wameniandika baba, ila baada ya vita. Mweka hazina wao kanipigia anasema kwenye kamati hawapokei michango ya maneno. Nikamwambia sawa, basi nilipe 350,000 kamili mi nikuletee 70,000 mkononi. Kanyamaza kidogo akasema ngoja aandike.

Sasa jana kadi ya mwaliko imefika. Singo, ya mtu mmoja. Nampigia namuuliza mbona singo, anasema singo ni 50,000, dabo ni 100,000, wewe una 70, ongeza 30 nikubadilishie. Mume wangu kashaanza kutafuta suti, anasema si uongeze tu hiyo 30 yaishe. Nimemwonyesha daftari, masaa sita ya cherehani hayo, atabaki na watoto.